Dume la Malimi Lilivyogeuka Redio Kaseti

Marehemu mume wangu, Malimi, alikuwa manju. Kama hujui manju ni nani, ni yule mtunga nyimbo anayesimama mbele ya wachezaji: yeye anaanzisha, wao wanaitikia. Kwetu Usukumani manju ni mtu mkubwa, hata kama paa la nyumba yake linavuja. La Malimi lilivuja. Tulipohama na ng'ombe kutoka Maswa kuja huku Usangu, kwenye mbuga za mpunga, wenzake walibeba majembe na vyungu. Yeye alibeba ngoma mbili begani, na mtoto wetu Leokadia nikambeba mimi, pamoja na vyungu. Nilimpa maneno makali njiani, naye akayageuza wimbo. Ndivyo alivyokuwa huyo bwana. Ukimgombeza asubuhi, jioni watoto wa jirani wanaimba ugomvi wako.

Nisipoeleza mashindano yetu hutaelewa kitu. Mpunga ukishavunwa, manju wawili wanaingia kiwanja kimoja, huyu kona hii na yule kona ile, wanaanza kupiga wakati uleule. Jaji hakuna. Watu wenyewe ndio jaji. Wanazunguka, wanasikiliza huku, wanachungulia kule, mwisho wanajaa kwa mmoja. Aliyebaki na nzi wake ameshindwa, afunge ngoma aende. Kwa hiyo manju atafanya lolote ili watu waje: atacheza na chatu, atavaa miwani na koti la Kizungu, atapanda mti ameuma kuku kwa meno.

Misimu miwili mfululizo watu walimkimbia Malimi wakajaa kwa Seni. Seni alikuwa manju wa ng'ambo ya mto, mtu mfupi mwenye sauti ya kupasua masikio. Malimi alisema Seni ana dawa ya mvuto, eti kaifuata Chunya kwa wachimba dhahabu. Mimi nikamwambia hakuna cha dawa wala nini, kifua chako kimechoka, unakohoa katikati ya wimbo. Lo! Nilikuwa nimemtukania ukoo mzima.

"Mama Leokadia, wewe unajua nini habari za sauti? Kazi yako kupuliza moto."

Na wachezaji wake, wanafiki wakubwa wale, wakamwambia anaimba vilevile kama zamani. Mbele yake. Nyuma ya boma walikuwa wameshapatana kwamba Seni akishinda na msimu huu, wanahamia kwa Seni. Budeba, mpiga ngoma wake, ndiye aliyekuja kumwambia, kichwa amekiinamisha kama aliyevunja chungu cha watu. Sasa manju bila wachezaji ni nini? Ni mtu anayeongea peke yake njiani. Malimi hakula siku ile, na kesho yake akala kidogo tu.

Ndipo akaja Liberatus, Mhehe mnunuzi wa ng'ombe kutoka Iringa, na lori lake. Kwenye kiti cha mbele alikuwa na redio kaseti. Akabonyeza, ikaimba kwaya ya kanisani kwao. Akabonyeza, ikanyamaza. Akairudisha nyuma, kwaya ikaanza upya palepale ilipokuwa imeanzia. Malimi alishika mlango wa lori kwa mikono miwili. Redio tulizijua, watu wa kijiji walikuwa nazo, lakini redio inasema inachotaka yenyewe.

"Yaani hii inaimba unapotaka wewe?"

"Ninapotaka mimi, mzee."

"Na mimi nikiiimbia, inashika?"

"Inashika kila kitu. Hata ukipiga chafya."

Malimi akanigeukia, macho yamemtoka. Nikajua tumekwisha.

Siku hiyohiyo akamwuzia Liberatus dume letu, lile jeusi lenye baka, lililokuwa linaazimwa na majirani kwa ajili ya majike yao. Hakuniuliza. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikaona mkia wa dume langu unapanda lori. Nilipigwa na butwaa hata sikulia. Baadaye nilipopata sauti, nilisema sana, na nilipomaliza nilisema sharti langu: fedha nitazifunga mimi kwenye pindo la kanga, na huko kununua tutakwenda wote. Liberatus alishatuambia kwamba mpya, dukani Iringa, haikamatiki kwa dume moja. Akasema twendeni Mbeya mjini, kuna fundi redio karibu na soko anauza zilizotumika.

Tukapanda basi. Tulipopita Uyole baridi ilikuwa imeshaniingia mifupani, maana sisi watu wa mbugani hatuna makoti. Fundi tulimpata. Aliitwa Asukile, Mnyakyusa mpole, na duka lake lilikuwa na baraza refu lililotazama barabara. Malimi hakuzungusha maneno. Alisema anataka mashine ya kuvuta watu, na mfuko wake ni dume moja.

Asukile alicheka kidogo, halafu akatupanga bei. Malimi alikuwa akizigeuza ng'ombe palepale ili aelewe. Kulikuwa na redio ya bendi tatu, mpya, bado iko kwenye karatasi yake: hiyo dume zima na mkia. Kulikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na santuri zake chache: nusu dume. Na kulikuwa na redio kaseti iliyoachwa na mtaalamu mmoja aliyerudi kwao. Mfuniko wa betri umepotea, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini ina spika ya nguvu. Hiyo dume na mbuzi.

"Mbuzi hatuna," nilisema.

"Na betri ziko juu yenu, mama. Hii inazila kweli, sikufichi. Redio inakula kidogo. Gramafoni haili kitu, mkono wako tu."

"Basi gramafoni!" nilisema. "Nusu dume, haidai betri, na nusu nyingine tunanunua mtamba. Baba Leokadia, umesikia?"

Hakunisikia. Alikuwa anaziangalia zile mashine tatu mezani, mikono nyuma, jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe mnadani. Kisha akasema jambo ambalo Mnyakyusa wa watu alikuwa hajawahi kuambiwa na mteja.

"Tuzishindanishe."

"Vipi, mzee?"

"Wingi wa maneno wa nini? Wewe muuzaji, utasifu zote. Mke wangu anatafuta ya bei ndogo. Mimi nimeshapenda moja. Sisi wote si mashahidi wazuri. Ziweke hapo barazani, moja huku, moja katikati, moja kule. Zote ziimbe mara moja. Watu wa Mbeya wanaopita waamue. Itakayojaza watu ndiyo nitakayochukua, siongezi neno."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mbele ya mji mzima! Lakini Asukile alikuwa kijana wa biashara, na baraza lenye watu halimchukizi muuza duka. Akakubali. Akasema tu kwamba kaseti ni tupu, haina wimbo. Malimi akatabasamu. Akaingia naye chumba cha nyuma, nikamsikia anausogelea ule mdomo wa kurekodia na kuimba wimbo wake mkubwa, ule wa kuhama Maswa. Katikati akakohoa, akatema kwenye leso, akaendelea. Alitoka anajifuta midomo, amefurahi kupita kiasi.

Mashine zikawashwa. Redio ilikuta saa ya matangazo ya vifo, basi wazee kadhaa wakasimama pale wamevua kofia. Gramafoni ikapiga dansi, vijana wawili wa stendi wakaanza kukata viuno. Na redio kaseti ikaanza kuimba kwa sauti ya Malimi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kisafwa mwenye kikapu cha viazi kichwani. Akasimama. Akasogea. Akaweka mkono mdomoni. Nyuma yake wakasimama wengine, halafu wale vijana wakaiacha gramafoni yao, halafu hata wazee wa vifo wakavaa kofia wakaja. Baraza likajaa, wakamwagika mpaka barabarani, lori likapiga honi halikupata njia. Sisi tulikuwa tumesimama ng'ambo ya barabara ili tuone vizuri. Malimi alikuwa amekunja mikono kifuani, kidevu juu, kama enzi zake.

"Unaona? Unaona, mama Leokadia? Na Kisukuma chenyewe hawakijui!"

Nami nilikuwa nimeshangaa. Nikafikiri labda kweli, labda mimi ndiye nisiyejua sauti. Akavuka barabara ili awasikie wanavyomsifu, nikamfuata.

Walikuwa wanacheka. Mama wa viazi alikuwa amekitua kikapu chini kwa kucheka, machozi yanamtoka. Mwanamume mmoja mwenye koti refu alikuwa anamwigiza: anaimba neno moja, anakohoa mara mbili, anashika kiuno. Mwingine akapiga kelele, "Jamani, mfungulieni huyo babu, amekosa hewa humo ndani!" Watu wakaangua kicheko upya. Ndani ya lile sanduku sauti ilikuwa inakwaruza, inakatika, inavuta pumzi kwa mluzi, inakohoa, inajikokota tena.

Malimi naye akacheka mwanzoni, kwa kufuata wenzake. Kisha akatega sikio. Nikaona uso wake unabadilika.

"Fundi," aliita, "mashine yako mbovu. Mimi nimeimba hivi, yenyewe inatoa vile."

Asukile akaja, akaizima. Watu wakaguna. Hakubishana naye, akabonyeza tu akasema ndani yake, "Mimi Asukile, fundi redio, habari zenu," akarudisha, ikatoa: Asukile yuleyule, na upole wake. Malimi akatikisa kichwa. Akaninyooshea mimi ule mdomo wa kurekodia.

"Sema."

"Baba Leokadia, twende zetu nyumbani," nilisema, maana ndicho nilichokuwa nacho moyoni.

Ikarudishwa. Ikasema, baba Leokadia, twende zetu nyumbani, na Malimi akaruka. "Huyu ni Roza! Ni Roza mtupu! Hata ule ukali wake umo!" Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akanitazama mimi, akaitazama mashine.

"Basi na yule ni mimi," akasema.

Wale watu wa Mbeya ndipo walipoelewa, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja wakiangalia chini. Yule mwenye koti refu aliomba radhi. Malimi alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Kumbe ulikuwa unaniambia kweli."

Jamani. Neno hilo nililingoja misimu mingapi! Nilidhani siku atakayolisema nitapiga vigelegele mpaka Rujewa wasikie. Lilipotoka, vigelegele sikuvitaka tena. Nilitamani arudi kunitukana, aniambie nikapulize moto.

"Na wale wachezaji wangu wanaoitikia kabla sijamaliza," akasema tena, polepole, "nami nawagombeza kwa kuharakisha. Walikuwa wananifunika, siyo?"

"Ndiyo."

"Seni hana dawa."

"Hana."

Asukile alichuchumaa mbele yake kwa heshima. Akamwambia, "Mzee, samahani, lakini hicho kikohozi siyo cha uzee. Hospitali iko hapo juu tu, nitawapeleka mwenyewe." Nikasema twende sasa hivi, fedha ninazo. Malimi akanyanyua mkono.

"Baada ya ngoma."

"Ngoma gani tena?" niliuliza. "Hukusikia?"

"Nimesikia. Watu wamechagua. Ipi imejaza watu?"

Akamgeukia Asukile.

"Fundi, ipi?"

"Kaseti," akasema Asukile.

"Basi. Funga hiyo."

Nilikodoa macho. Nilidhani akili imemruka. Mashine imemwaibisha mbele ya mji, naye anainunua! Lakini kwake neno la watu kiwanjani halina rufaa, na yeye ndiye aliyeweka sharti. Asukile aliondoa mbuzi kwenye bei, sijui ni huruma au ni aibu, akatupa na betri juu yake. Nilifungua pindo la kanga kwa hasira. Nikamhesabia dume langu lote.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Ameipakata mashine. Tulipokuwa tunateremka kuelekea mbugani akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Yule mwenye koti refu, ulimwona alivyoshika kiuno? Watu walikuja kwa ajili ya kucheka, Roza. Hawakuja kwa ajili ya sauti. Kama wanamtaka babu anayekosa hewa, kwa nini nisiwape mwenyewe?"

Nilimwambia ni wazimu. Nilimwambia kesho hospitali. Nilimwita Budeba, nikamwita katekista, nikamwita Leokadia wetu aje ampigie magoti baba yake. Wote aliwajibu vilevile: baada ya ngoma. Wachezaji wangeondoka, na yeye hakuwa tayari kuamka siku moja akiwa mtu wa kawaida. Hayo ni maneno yake. Mimi nilikuwa mtu wa kawaida maisha yangu yote na sikuona ubaya wake, lakini sikuwa manju.

Siku ya mashindano kiwanja kilikuwa vumbi tupu. Seni kona ya kule, yeye na wachezaji wake wamepaka unga usoni, sauti yake inakata anga. Watu wakaanza kumwendea, kama kawaida. Malimi hakuimba. Aliweka kigoda katikati ya kona yetu, juu yake redio kaseti na mpira wake wa baiskeli, akaibonyeza. Ikaanza kuimba na kukohoa. Na yeye, mdomo ameufumba, akaanza kucheza ule wimbo: mashine ikikohoa anajikunja, ikivuta pumzi anafungua macho kama samaki, ikikwama anaipiga kofi kisha anajipiga mwenyewe. Budeba akashika mapigo, akakipigia kila kikohozi ngoma yake.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watoto walikuja kwanza, mbio. Halafu wanawake. Halafu ikawa wimbi, watu wanamwacha Seni katikati ya ubeti, wanakuja wanaanguka chini wanacheka, wengine wamekumbatiana. Wazee waliokuwa hawajacheka tangu Maswa walikuwa wamelala kwenye vumbi. Nilisimama na kanga mdomoni. Moyo ulikuwa unaniuma, na bado nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa anachekesha kweli.

Kaseti ikaisha. Ikatoa mlio mdogo, kimya. Malimi akasimama mbele ya umati ule wote, jasho linamtiririka, akanyoosha mikono. Akafungua mdomo aimbe mwenyewe.

Akakohoa. Watu wakalipuka kwa kicheko. Akakohoa tena, akajikunja, akashika kigoda, kigoda kikaanguka na mashine juu yake. Watu wakapiga makofi. Budeba akampigia ngoma, akidhani ni mchezo. Malimi akapiga goti moja, leso mdomoni, na mimi niliiona ile leso. Nilianza kusukuma watu. Nilipiga mayowe, "Si mchezo! Si mchezo jamani!" nao wakanicheka na mimi, wakijua ni sehemu ya ngoma, maana ugomvi wetu ulikuwa nyimbo zao miaka yote. Nilipiga watu ngumi ili nipite. Walinipisha wakicheka.

Nilipomfikia nilimlaza mapajani. Damu ilikuwa kwenye kidevu chake na kwenye kanga yangu. Wale wa mbele walikuwa wameshaona, wamenyamaza, lakini wa nyuma walikuwa bado wanapiga kelele aendelee.

Upande wa pili wa kiwanja palikuwa patupu, ngoma zimeachwa chini. Mtu mmoja tu alikuwa anakuja kutoka huko, anakimbia kwa miguu yake mifupi, unga unamwagika usoni, anawatupa watu kushoto na kulia. Ni Seni. Kati ya watu wote wale, yeye peke yake alikuwa amesikia, kutoka kona ile, kwamba kikohozi kile cha mwisho hakikuwa cha ngoma. Alipiga magoti upande wa pili wa Malimi, akaanza kuita watu walete mkokoteni.

Malimi alifungua macho akamwona. Akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini nilisikia kila neno, na furaha iliyokuwamo.

"Roza," akasema, "hata Seni amekuja upande wetu."